Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Je, Zilimshinda na Rabearivelo?

Kila tunapolitaja jina la Jean-Joseph Rabearivelo katika semina za fasihi na itikadi, ubishi huzuka. Kundi moja la wanafunzi husema mshairi huyu wa Madagaska alikuwa mtu wa kasumba, aliyeota kuwa Mfaransa, na Ufaransa ilipomkataa akakosa sababu ya kuishi. Kwa hiyo, wanasema, hana la kuwafundisha wanamapinduzi. Kundi la pili lina huruma zaidi. Linasema mkosi wake ulikuwa kuwa na lugha mbili na tamaduni mbili, na njia mbili zilimshinda fisi.

Makundi haya yanaonekana kupingana, lakini yana msimamo mmoja. Yote mawili yanaliona kosa ndani ya mtu mwenyewe: la kwanza katika tamaa yake, la pili katika ulimi wake. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba huo ni uchambuzi wa juujuu, na kwamba kada anayeridhika nao hataweza kuelewa suala la lugha katika nchi yake mwenyewe.

Tuanze na methali. Fisi alifika njia panda akasikia harufu ya nyama. Hakujua imetokea njia ipi, akatia mguu huku na mguu kule mpaka akapasuka msamba. Sasa tujiulize: kilichompasua ni nini? Watu wetu wamepita njia mbili tangu enzi na enzi. Mtoto wa Dodoma huzungumza Kigogo nyumbani na Kiswahili sokoni, na jioni hurudi kwao akiwa mzima. Wingi wa njia haukumpasua fisi. Kilichompasua ni njaa yake na nyama iliyokuwa mbele. Basi swali la kisiasa kuhusu Rabearivelo si kwa nini alikuwa na lugha mbili. Swali ni hili: nyama ilitundikwa kwenye njia ipi, na nani aliyeitundika?

MAZINGIRA YALIYOMZAA

Madagaska, ambayo wazee wa pwani yetu waliiita Bukini, haikungoja Wafaransa ili ipate kusoma na kuandika. Kimalagasi kilianza kuandikwa kwa herufi za Kilatini katika miaka ya 1820, enzi ya Mfalme Radama wa Kwanza, na Biblia nzima ilikwisha chapwa kwa lugha hiyo mwaka 1835. Katika ufalme wa Imerina, Kimalagasi kilikuwa lugha ya sheria, ya shule, ya barua na ya serikali. Hili ni jambo la kukumbuka, maana wakoloni walipenda kudai kwamba walikuta ububu.

Mwaka 1895 jeshi la Ufaransa liliiteka Antananarivo. Agosti 1896 kisiwa kikafanywa koloni. Mwaka 1897 Jenerali Gallieni aliuvunja ufalme, na Malkia Ranavalona III akapelekwa uhamishoni Réunion, kisha Algiers, alikofia mwaka 1917. Kimalagasi hakikupigwa marufuku. Watu waliendelea kukisema, kukiimba na hata kukiandikia magazeti. Ila kilinyang'anywa mkate. Kazi yenye mshahara wa maana, cheo, haki za raia, vyote viliwekwa nyuma ya lango moja, na ufunguo wa lango hilo ulikuwa Kifaransa pamoja na hati za shule za Kifaransa.

Rabearivelo alizaliwa Antananarivo mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa mama aliyetoka katika ukoo wa kimwinyi uliokuwa umefilisika. Alisoma kwa mapadri na kuacha shule akiwa mvulana. Tangu hapo akajisomesha mwenyewe. Alifanya vibarua vya kila namna, kisha mwaka 1924 akapata kazi ya kusoma prufu katika kiwanda cha uchapaji cha Imprimerie de l'Imerina. Kazi hiyo ndiyo aliyoishika mpaka kufa kwake. Fikirini, ndugu: mtu aliyekijua Kifaransa kuliko maofisa wengi waliomtawala aliajiriwa kusahihisha makosa ya wengine, kwa ujira mdogo. Aliomba kazi serikalini akakataliwa. Hakuwa na hati zinazotakiwa, na lango halikufunguliwa kwa ujuzi mtupu.

Yeye mwenyewe aliitaka njia ile, na hatutaki kulificha hilo. Alilibadili jina lake la ubatizo ili herufi zake za mwanzo zifanane na za Jean-Jacques Rousseau. Aliandikiana barua na waandishi wa Ulaya, akiwamo André Gide. Marafiki zake wa karibu katika uandishi walikuwamo maofisa wa koloni lile lile, kama Pierre Camo, ambaye alikuwa hakimu na mshairi. Mkono uliompa vitabu ulitoka katika mwili uliomfungia mlango. Mgongano huu hakuubuni Rabearivelo. Alikulia ndani yake.

HATUA ZA UANDISHI WAKE

Mhakiki anayetazama barua na maisha peke yake atatoa hukumu kabla ya kusikiliza shahidi mkuu, nayo ni kazi yenyewe. Tukiitazama kazi kwa mpangilio wa miaka tunaona mwendo, na mwendo huo unakwenda kinyume na madai ya kundi la kwanza.

Hatua ya kwanza ni vitabu vya La Coupe de cendres (1924), Sylves (1927) na Volumes (1928). Hapa mshairi ni mwanafunzi hodari. Vina na mizani ni vya Kifaransa, na utaratibu wa beti ni wa mabwana aliowasoma. Mada za Imerina zimo: makaburi ya mababu, vilima, wafalme waliokufa. Lakini mada hizo zimevishwa nguo ya kuazima. Ni kama mgeni wa heshima aliyefika harusini katika koti lisilo lake, akakaa kwa uangalifu asilichafue. Ufundi upo, uhuru haupo.

Hatua ya pili inaanza miaka ya mwanzo ya 1930. Pamoja na waandishi wenzake, Charles Rajoelisolo na Ny Avana Ramanantoanina, alishiriki katika harakati ya kifasihi iliyojiita kwa Kimalagasi "kutafuta kilichopotea". Kada anapaswa kujua Ny Avana alikuwa nani. Huyu alikuwa miongoni mwa Wamalagasi walioadhibiwa kwa sababu ya VVS, chama cha siri cha wazalendo kilichokandamizwa na Wafaransa mwaka 1915 na 1916, akapelekwa uhamishoni Mayotte, jirani na ndugu zetu wa Komoro. Kwa hiyo mtu tunayeambiwa alikuwa kivuli cha Mfaransa aliketi meza moja ya fasihi na mzalendo aliyeonja uhamisho.

Nini kilipotea, na kilitafutwa wapi? Kilitafutwa hasa katika hainteny. Hii ni sanaa ya ushairi simulizi ya Imerina, ambayo mara nyingi huwa na sauti mbili zinazojibizana kwa mafumbo na methali, juu ya mapenzi, ugomvi au madai. Msomaji wa Kiswahili hatahitaji maelezo marefu, maana sisi wenyewe tuna malumbano ya washairi, na tunajua kwamba katika fumbo mtu husema analolitaka bila kushikwa shati. Mwaka 1913 Mfaransa Jean Paulhan alikwisha kuchapisha kitabu cha hainteny. Rabearivelo hakuitazama sanaa hiyo kama mgeni anayekusanya vitu vya makumbusho. Aliifanya kuwa chombo cha kazi.

Matunda yake ni vitabu viwili vilivyomjengea jina: Presque-songes (1934), yaani Nusu-Ndoto, na Traduit de la nuit (1935), ambacho jina lake lina maana ya Yaliyotafsiriwa Kutoka kwa Usiku. Cha pili kilichapishwa Tunis, na kwenye jalada kikatangazwa kuwa ni mashairi yaliyohamishwa na mtunzi mwenyewe kutoka lugha ya Wamerina. Mashairi ya vitabu hivi yapo katika lugha zote mbili, Kimalagasi na Kifaransa, na baada ya kifo chake yalikuja kuchapwa sambamba. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi lugha ipi ni ya asili na ipi ni tafsiri. Maoni yetu ni kwamba ubishi wenyewe ndio ushahidi. Hapa hakuna tena bwana na mtumishi. Lugha mbili zimekaa kwenye mkeka mmoja na kujibizana kama sauti mbili za hainteny. Vina vya kuazima vimeondoka, beti zimelegea, na picha zinatoka nyumbani: ng'ombe, wachungaji, ndege, nyasi za nyanda za juu, usiku na alfajiri.

Tuchukue mfano mmoja. Katika shairi mojawapo kati ya yale 30 ya Traduit de la nuit, usiku unakuwa fundi wa vioo, mtu mweusi, mtumwa, anayebeba mbingu kichwani. Vioo vinavunjika mikononi mwake, kazi yake haina mwisho. Kila alfajiri anakata roho, na kila jua linapozama anaanza kuteseka upya. Na sisi tunaoshuhudia tumekwisha acha kumhurumia, hata kumkumbuka hatumkumbuki.

Wahakiki wengi wa Ulaya wamelisoma shairi hili kama picha nzuri ya nyota na mapambazuko. Ni picha nzuri kweli. Lakini tukumbuke liliandikwa wakati gani. Mwaka 1926 serikali ya koloni iliunda SMOTIG, utaratibu ambao vijana wa Kimalagasi walioandikishwa kwa jeshi lakini wasichukuliwe vitani walipelekwa kufanya kazi za barabara, reli na mabwawa, wakiishi kambini chini ya nidhamu ya kijeshi. Utaratibu huo haukufutwa mpaka mwaka 1936. Hatudai kwamba mshairi aliketi akaandika hotuba dhidi ya SMOTIG na kuificha ndani ya usiku. Tunasema kwamba mtumwa mweusi mwenye kazi isiyoisha, ambaye mateso yake yamekuwa jambo la kila siku kiasi cha kusahaulika, hakushuka kutoka mbinguni. Alikuwa akipita barabarani.

UDHAIFU WAKE

Uhakiki wa kijamaa hautukuzi watu, hata waliokufa kwa uchungu. Rabearivelo alikuwa na udhaifu, na tuutaje.

Kwanza, jicho lake kwa jadi lilikuwa jicho la kimwinyi. Imerina anayoililia ni ya wafalme, makaburi makubwa na koo bora. Lakini Imerina hiyo ilikuwa pia nchi ya watumwa, na utumwa haukufutwa mpaka Septemba 1896. Aliyefuta ni mkoloni, kwa maslahi yake mwenyewe, na hilo ni jambo la aibu kwa tabaka lililotawala kabla yake. Mjukuu wa mtumwa hakuwa na sababu ya kuyalilia mambo yote ambayo mjukuu wa mwinyi aliyalilia. Kurudi kwenye asili bila kuuliza ni asili ya nani kunaweza kuwa kurudi kwenye baraza la bwana.

Pili, alijitenga na harakati za umma. Mei 19, 1929 maelfu ya watu waliandamana Antananarivo wakidai haki, katika harakati za akina Jean Ralaimongo. Rabearivelo hakuwa miongoni mwa wapiganaji hao. Tuseme pia kwa haki kwamba madai makuu ya wakati ule yalikuwa Wamalagasi wapewe uraia wa Kifaransa. Hata waliopigana waziwazi walikuwa bado wanaligonga lango lile lile, na ni haki kuwapima wote kwa kipimo cha wakati wao.

Tatu, alipigana peke yake. Alikuwa na vitabu, barua na daftari zake za kumbukumbu, lakini hakuwa na chama. Mtu mmoja anaweza kuziketisha lugha mbili kwenye mkeka mmoja ndani ya shairi. Hawezi peke yake kuziketisha hivyo katika ofisi, shule na mahakama. Kazi hiyo ni ya umma ulioungana.

MWISHO WAKE NA MAANA YAKE

Miaka yake ya mwisho ilijaa madeni na misiba. Mwaka 1933 alifiwa na binti yake mdogo, Voahangy. Alitumaini kwenda Paris kwa Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka 1937, safari ambayo ingekuwa ya kwanza kwake kutoka kisiwani. Hakupelekwa. Madagaska iliwakilishwa na wasusi wa vikapu. Juni 22, 1937 alijitoa uhai nyumbani kwake. Hakuwa amefika miaka 40.

Tusiwadharau wasusi wale. Wao ni wavujajasho, na kikapu kizuri ni kazi ya akili pia. La kuangalia ni nia ya mkoloni. Alitaka kuionyesha dunia mikono ya Mmalagasi, maana mikono inathibitisha kwamba koloni lina faida. Mmalagasi anayefikiri kwa Kifaransa safi na kwa Kimalagasi safi kwa wakati mmoja angethibitisha kitu kingine kabisa: kwamba hakuna sababu ya kutawaliwa. Hivyo mshairi akabaki nyumbani.

Baadaye zilikuja nadharia za kueleza nafsi ya Mmalagasi. Mwaka 1950 Octave Mannoni, Mfaransa aliyewahi kufanya kazi kisiwani, alichapisha kitabu akidai kwamba Wamalagasi wana hali ya nafsi inayohitaji kumtegemea mwingine. Aimé Césaire alimpinga, na mwaka 1952 Frantz Fanon akamjibu kwa urefu, akionyesha kwamba huwezi kuieleza nafsi ya mtu aliyetawaliwa huku ukiufumbia macho utawala wenyewe. Tunawaomba wanafunzi wetu walipime neno hili. Wanaposema Rabearivelo alikufa kwa sababu nafsi yake ilipasuliwa na lugha mbili, wanarudia, bila kujua, hoja ya Mannoni kwa Kiswahili.

Ushahidi wa baadaye unatuunga mkono. Machi 1947 Wamalagasi waliasi, wakauawa kwa maelfu mengi. Mmoja wa waliofungwa alikuwa Jacques Rabemananjara, mshairi aliyeandika kwa Kifaransa na aliyehukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Kifaransa hakikumfanya msaliti. Mwaka uliofuata, 1948, Senghor alitoa Paris mkusanyo wake maarufu wa mashairi ya watu weusi na Wamalagasi, na Rabearivelo akawamo. Nchi iliyomnyima safari akiwa hai ilimsifu akiwa kaburini, damu ya 1947 ikiwa haijakauka.

Tuitazame pia Madagaska huru. Baada ya vuguvugu la mwaka 1972, na hasa chini ya serikali ya Didier Ratsiraka tangu 1975, Kimalagasi kilifanywa lugha ya kufundishia shuleni. Nia ilikuwa njema. Lakini lango halikuhamishwa. Kazi kubwa na elimu ya juu viliendelea kudai Kifaransa, na wenye uwezo wakawapeleka watoto wao katika shule za Kifaransa. Mtoto wa mkulima akabaki na lugha yake bila mkate, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kifaransa kikarudishwa. Nyama ilikuwa bado imetundikwa pale pale.

FUNZO KWA MAKADA

Sisi Watanzania tusijione tumeokoka. Sehemu kubwa ya wasomaji wetu, kama sisi wenyewe, wamemsoma Rabearivelo kwa Kiingereza, katika tafsiri ya John Reed na Clive Wake iliyotolewa mwaka 1975 katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann. Ushairi wa jirani yetu wa Bahari ya Hindi ulipitia London kabla ya kutufikia. Shule zetu za sekondari zinafundisha kwa Kiingereza mpaka leo, huku mwenye pesa akimwandikisha mtoto wake shule ya Kiingereza tangu chekechea. Tunaimba sifa za Kiswahili jukwaani, kisha tunapotangaza kazi tunadai kitu kingine.

Hatusemi watu waache lugha za kigeni. Rabearivelo aliwafasiri akina Baudelaire na Rimbaud kwa Kimalagasi. Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na katika kazi hiyo Kiingereza ndicho kilichokuwa mgeni, Kiswahili mwenyeji. Huo ndio mwelekeo sahihi. Lugha ya pili iwe mali tuliyoongeza ghalani, isiwe kodi tunayolipa ili tuhesabiwe kuwa watu.

Tunapendekeza basi kwamba somo la Rabearivelo likifundishwa vyuoni lisiishie kwenye kumlaani wala kumlilia. Mwanafunzi aulizwe mambo matatu. Katika wilaya yako, karatasi ipi inampatia mwananchi haki yake, na imeandikwa kwa lugha gani? Nani anaisoma bila kukodi msomaji? Na nani anafaidika kwa kubaki ilivyo? Akiweza kujibu haya kwa ushahidi atakuwa amemwelewa mshairi huyu kuliko atakayekariri tarehe zake.

Fisi wa methali alipasuka kwa sababu hakuna aliyemsaidia kuuliza nyama imetoka wapi. Rabearivelo aliiona harufu ilikotoka, akaiandika kwa lugha mbili, usiku, baada ya kazi ya kusahihisha maneno ya wengine. Kuihamisha nyama hiyo ni kazi yetu.